Mtoto Yu Chuoni: Wajibu wa Mzazi Haujaisha

Juma lililopita mzee mmoja alifika katika ofisi ya gazeti letu, amevaa koti lake la sikukuu, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na vivuli vya vyeti vya mwanawe, kijana aliye mwaka wa pili katika chuo kikuu kimojawapo cha nchi hii. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, mzee alitueleza haja yake: "Padri, nakuomba uniandikie barua kwa mkubwa yeyote unayemjua, ili kijana wangu akimaliza apate pa kushika. Nimeuza kipande cha shamba la migomba, nimeuza na ng'ombe wawili. Sina kingine cha kuuza."

Tulimwuliza kijana anasomea nini. Mzee alinyamaza kidogo, akaitazama bahasha yake, kisha akajibu: "Anasoma chuo kikuu."

Hatukumcheka, wala msomaji asimcheke. Mzee huyu ametenda kuliko wengi. Ametoa ardhi ya baba zake ili mwanawe asome. Lakini jibu lake lilitukaa moyoni siku zote za juma, kwa sababu twajua kwamba si yeye peke yake. Wako wazazi wengi wanaojua karo ya chuo hata shilingi ya mwisho, wajue na siku ya kuilipa, wasijue mtoto anajifunza nini, anapenda nini, anaogopa nini, wala njia anayoishika itamfikisha wapi. Basi leo yafaa tuzungumze na wazazi juu ya jambo hili: mzazi aweza kumsaidiaje mtoto aliye chuoni kuitengeneza njia ya kazi yake ya baadaye?

I. NJIA YA JANA SI NJIA YA LEO

Kwanza yatupasa kuelewa kwa nini wazazi wengi hushauri vibaya ingawa wana nia njema. Sababu ni kwamba wanaikumbuka njia waliyoiona zamani.

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1961. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Miezi miwili baadaye, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ikapata uhuru. Ofisi zilikuwa tupu zikingoja watu. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu aliyehitimu chuo kikuu hakuitafuta kazi, Serikali ilimpangia. Kijiji kizima kiliona kwa macho: fulani alisoma, fulani akapata cheo, fulani akamjengea mama yake nyumba ya bati. Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mtoto amelisikia: "Wewe soma tu, mengine yatakuja."

Neno hilo lilikuwa kweli kwa wakati wake. Lakini katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza idadi ya watumishi wake, na ile desturi ya kumpangia kazi kila mhitimu ikakoma. Wakati huo huo vyuo vikaongezeka, vya umma na vya binafsi na vya mashirika ya dini, hata leo wahitimu hutoka kwa maelfu kila mwaka. Hata walimu, ambao zamani walipangiwa shule mara wamalizapo mafunzo, leo huomba kazi na kushindana na wenzao.

Hatusemi kwamba elimu imekuwa bure. Hasha! Twasema kwamba zamani shahada yenyewe ilikuwa mlango. Leo ni ufunguo mmoja, na mlango mara nyingi una makufuli mawili matatu. Mzazi anayemwambia mtoto "soma tu" anamtuma safari kwa ramani ya barabara iliyokwisha kuhamishwa.

II. SIKILIZA KABLA YA KUSHAURI

Tulimwambia yule mzee kwamba kabla ya kuandika barua yoyote, ampigie simu mwanawe amwulize mambo matatu: anasoma nini, somo gani analipenda, na jambo gani linamsumbua. Jumapili mzee alirudi kutupa habari. Kijana alizungumza karibu saa nzima. Mzee akajua kwamba mwanawe anasoma uhasibu, si kwa kuupenda bali kwa sababu mjomba alisema wahasibu hawakosi kazi. Akajua pia kwamba amefeli masomo mawili na anayarudia, na kwamba kwa miezi minne ameficha habari hiyo. Kwa nini ameficha? "Baba, kila nikitaka kusema naliona lile shamba."

Wazazi wapendwa, neno hilo tulitafakari sana. Sadaka ya mzazi, isiyofuatana na mazungumzo, yaweza kuwa mzigo unaomziba mtoto kinywa. Hapana shaka mzee hakumwuzia mwanawe shamba ili amtie hofu. Lakini mtoto asipopewa nafasi ya kusema "hapa nimeshindwa" au "hapa nimekosea njia", atasema uongo, na uongo wa mwaka wa pili ni msiba wa mwaka wa nne.

Basi mzazi na aanze kwa kuuliza, na akiuliza angoje jibu. Asiulize kama hakimu: "Umepata alama ngapi?" Aulize kama mtu wa nyumbani: "Siku hizi wanawafundisha nini? Kazi gani ukiifanya husikii njaa wala usingizi?" Akisikia jambo lisilompendeza, asikate simu, wala asimtaje mtoto wa jirani. Wengine husema kwamba mzazi asiyesoma hawezi kumshauri mtoto wa chuo kikuu. Si kweli. Mama asiyejua kuandika amemtazama mwanawe tangu alipotambaa. Anajua kama ni mvumilivu au mwepesi wa kukata tamaa, kama anapenda watu au anapenda kukaa peke yake na vitu vyake, kama mkononi mwake fedha hukaa au hupita. Maarifa hayo hayapatikani katika kitabu chochote cha chuoni, na katika kuchagua kazi yana thamani kubwa. Ayaseme kwa upole, kisha amwachie mtoto uamuzi. Kwa maana atakayeamka asubuhi kwenda kazini kwa miaka 30 si mjomba.

III. IJUE NJIA YA KAZI YENYEWE

Mapenzi peke yake hayatoshi. Kila kazi ina njia yake, na njia hiyo ina urefu na gharama zake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mzazi na mtoto yawapasa kuuliza pamoja, mapema, wala si baada ya sherehe ya mahafali. Tutoe mifano michache.

Anayesoma udaktari wa binadamu hukaa chuoni miaka 5. Baada ya hapo kuna mwaka 1 wa utarajali hospitalini, ndipo aweze kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mzazi anayehesabu miaka 5 atachoka mwaka mmoja kabla ya mwisho wa safari.

Anayesoma sheria hatoki chuoni akiwa wakili. Atakapomaliza shahada yake itampasa kupita katika Shule ya Sheria Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na kushinda mitihani yake, kabla ya kuandikishwa kuwa wakili. Wako wazazi walioalika ukoo mzima kumpongeza "wakili" siku ya mahafali, na baadaye wakafadhaika kusikia kwamba karo nyingine inahitajika.

Anayesoma uhasibu yampasa kufahamu kwamba juu ya shahada kuna mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na kwamba waajiri wengi huitazama hiyo kwanza. Anayesoma uhandisi hukaa chuoni miaka 4, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi wa wahandisi wazoefu, kwa kawaida kwa muda wa miaka 3, kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Yako pia masomo ambayo watu huyadharau. Mtoto akisema anasoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, wengine humcheka: "Jembe hata nyumbani lilikuwapo!" Hao hawajui kwamba mtu anayejua magonjwa ya mimea, au chakula cha mifugo, au namna ya kuhifadhi mavuno yasioze, anayo maarifa yanayohitajiwa katika kila wilaya ya nchi hii. Wala asidharauliwe kijana anayetaka kuongeza ufundi wa mikono juu ya shahada yake, kwa kujifunza kuchomelea vyuma au kutengeneza umeme katika chuo cha VETA wakati anapongoja ajira. Ujuzi wa pili haumwozei mtu.

Namna bora ya kuijua njia ya kazi ni kumwuliza anayeipita. Kila parokia, kila mtaa, unaye muuguzi, mwalimu, afisa ugani, fundi, karani wa benki. Mzazi amwendee amwombe: "Ndugu, kijana wangu atakuja likizo, tafadhali mpe saa moja umweleze kazi yako, tamu yake na chungu yake." Hakuna malipo katika jambo hilo, wala aibu.

IV. FEDHA: SEMENI UKWELI

Katika nyumba nyingi fedha ni jambo la kufichwa. Mzazi hataki mtoto ajue kwamba amekopa. Mtoto hataki mzazi ajue kwamba fedha za chakula zimekwisha. Twashauri kila familia iketi mara moja kwa mwaka, na kalamu na karatasi, na kuandika: karo ni kiasi gani, imetoka wapi, imebaki ngapi, na nani mwingine nyuma anangoja kusoma.

Katika hesabu hiyo usisahauliwe mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasaidia watoto wengi wa maskini kusoma, nasi twashukuru. Lakini fedha ile ni deni, haina budi kurudishwa. Kwa marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2016, mwajiriwa mwenye deni hilo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa shilingi 120,000, na hapo hatujahesabu kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, pango la nyumba, nauli na chakula.

Kwa nini twayataja haya? Kwa sababu wazazi wengi wameupangia mshahara wa kwanza wa mtoto kabla haujazaliwa: huu utamsomesha mdogo wake, huu utaezeka nyumba, huu utalipa deni la dukani. Kuwasaidia wazazi na ndugu ni wajibu mtakatifu, na mtoto anayeusahau amepotea. Lakini mtoto aliyefungwa ahadi kama hizo hukimbilia kazi yoyote yenye mshahara leo, na kuiacha ile ambayo ingemjenga kwa miaka mingi. Mzazi mwenye busara humwambia: "Utatusaidia, ndiyo, lakini kwanza simama." Mzazi huyo hatapoteza kitu, maana aliyesimama vizuri hushika mkono wa wengi.

V. LIKIZO NA MAFUNZO KWA VITENDO

Vyuo vingi huwatuma wanafunzi kujifunza kwa vitendo, kwa kawaida majuma yapatayo 8, katika ofisi, viwanda, mashule, hospitali na mashamba. Wanafunzi wengine huyachukua majuma hayo kuwa jambo la kupigiwa muhuri tu. Na wazazi wengine huona ni gharama isiyo na faida, kwa kuwa mtoto halipwi.

Twawasihi wazazi wayaone kwa jicho jingine. Majuma hayo ndiyo mara ya kwanza mtoto kuingia mahali pa kazi. Huko hujifunza kufika saa inayotakiwa, kupokea maonyo bila kununa, kuandika taarifa, kuomba msamaha. Huko pia mkubwa wa kazi humwona, na mara nyingi nafasi ikitokea humkumbuka kijana aliyefanya kazi bila kusukumwa. Hata akigundua kwamba kazi ile haimfai kabisa, amepata faida: ni afadhali kujua katika mwaka wa pili kuliko katika mwaka wa kumi.

Hapa mzazi asiye na fedha nyingi aweza kusaidia sana. Amtafutie mtoto ndugu wa kumlaza karibu na mahali pa kazi. Ampe nauli kabla ya kumnunulia viatu vya fahari. Amwulize kila Jumamosi: "Juma hili umejifunza kitu gani usichokijua?" Na mtoto arudipo nyumbani likizo, asikae kama mgeni wa kuandaliwa chai. Apewe hesabu za duka la mama, apewe daftari la maziwa, aandike mihtasari ya kikundi cha kuweka na kukopa. Kazi ndogo iliyofanywa vizuri ni ushuhuda ambao kijana aweza kuutaja mbele ya mwajiri bila kuona haya.

VI. JUU YA VIMEMO NA MILANGO YA NYUMA

Sasa turudi kwenye barua ya yule mzee. Kama mwajiri ametuuliza juu ya tabia ya kijana tunayemjua, ni wajibu wetu kuandika ukweli, na tumefanya hivyo mara nyingi. Hiyo ni barua ya ushuhuda. Lakini kumwandikia mkubwa kwamba "mpe huyu nafasi kwa kuwa ni mtu wetu", hicho ni kimemo, na kimemo humnyang'anya mtoto wa mwenzio, yule asiyejuana na mtu.

Pia si salama. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hupelekwa kwa mtandao, na waombaji huitwa kwenye usaili. Mtu akija kwako usiku na kusema kwamba kwa shilingi 1,000,000 jina la mwanao litaingizwa, fahamu kwamba ama ni tapeli, ama ni mla rushwa, na sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa humwadhibu atoaye kama apokeaye. Wako wazazi waliouza ng'ombe wa mwisho kwa ahadi ya namna hiyo, wakabaki hawana ng'ombe wala kazi. Fedha hiyo ingemtosha kijana kulipia mitihani ya bodi au kununua vifaa vya kuanzia kazi yake mwenyewe.

VII. BAADA YA JOHO

Kipindi kigumu kuliko vyote ni kile baada ya mahafali. Joho limerudishwa, picha zimetundikwa ukutani, na kijana ameketi nyumbani. Majirani waulizana: "Huyu si ndiye aliyesoma?" Na mara nyingi baba naye, kwa uchungu wake, huanza kumpiga mtoto kwa methali: mchagua jembe si mkulima! Methali ni njema, lakini haikutungwa iwe fimbo. Kijana aliyepeleka maombi 40 asipate jibu hakuchagua jembe, amekosa jembe.

Mwezi kama huo wataka mzazi mwenye subira na mpango. Wakubaliane: saa hizi za asubuhi ni za kutafuta na kuandika maombi, saa hizi ni za kazi ya kujipatia riziki hapa nyumbani. Ampe kijana pembe ya shamba iwe yake kweli, mavuno yawe yake, hesabu iwe yake. Asimlazimishe binti kuolewa kwa sababu kazi imechelewa, wala asimzuie kwenda mkoa wa mbali kwa sababu ni binti. Na zaidi ya yote, asimfanye mtoto aione aibu kuketi mezani kwa baba yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, mtoto wetu anasoma masomo gani hasa, na ni nani aliyeyachagua?
2. Baada ya shahada, kazi anayoitaka inadai mafunzo gani mengine, kwa miaka mingapi, na kwa gharama gani?
3. Deni la mkopo wake limefika kiasi gani?
4. Ni nani katika mtaa wetu afanyaye kazi hiyo, nasi tumekwisha mwendea?
5. Je, mtoto wetu akishindwa, sisi tutakuwa watu wa kwanza kujua au wa mwisho?

Swali la tano ndilo kubwa. Yule mzee alipotuaga Jumapili, bahasha yake ya kaki ilikuwa bado mkononi, wala hakuomba barua tena. Alisema kijana ameahidi kuyarudia yale masomo mawili na kumpa majibu yakitoka, yawe mema au mabaya, na kwamba kabla ya mwaka wa tatu watakaa pamoja kuona kama aendelee na uhasibu au la. Shamba halijarudi, wala halitarudi. Lakini sasa mzee anajua mwanawe anasoma nini, na mwanawe anajua kwamba akianguka aweza kumwambia baba yake. Huo si mwisho wa safari, ila ni mwanzo mwema, nasi twawatakia wazazi wote wanaotusoma mwanzo kama huo.